Wali Uliopepewa kwa Ungo

Mazimbu, Morogoro
3 Machi 2024

Mjomba wangu Mwinshehe,

Shikamoo. Nakuandikia kwa mkono kwa kuheshimu kauli yako kwamba jambo linalogusa ukoo haliendi kwa simu, kwa kuwa simu husema upesi kuliko akili. Huku tu wazima. Mvua imetushika wiki nzima. Mto Ngerengere umejaa hadi ukingoni, na mlima hatuuoni ila mawingu yaliyokaa juu yake. Kazi yangu jikoni, katika nyumba ya wageni iliyo jirani na chuo, inaendelea salama. Jirani yangu Agnes amejifungua mtoto wa kike na anakusalimu, ingawa hamjaonana. Ramadhani i mlangoni. Mungu atufikishe sote tukiwa na afya.

Baada ya salamu, nina ombi moja. Naomba debe moja la mpunga mfupi kutoka shamba la marehemu mama. Najua mpunga huo hauna wateja: ukipikwa unashikana, na mwanamke akimwandalia mgeni wali wa namna hiyo husemwa mwaka mzima. Ndio huohuo ninaouhitaji. Matumizi yake nitayaeleza tutakapoonana.

Jambo la pili ni la kukumbushana tu. Tangu mama afariki, misimu miwili sasa, mwanao Abasi analima shamba lile kwa kuazimwa, na ukoo uliahidi kuketi baada ya mavuno ya mwaka huu ili nikabidhiwe, kwa kuwa kwetu ardhi hufuata tumbo la mama, na mimi ndiye binti pekee wa tumbo lile. Sina shaka ahadi ipo palepale. Nimeitaja kwa sababu katika barua yako iliyopita hukuitaja.

Mpwa wako,
Nasra

* * *

Tawa
29 Machi 2024

Mpwa wangu Nasra,

Marahaba. Barua yako imekaa kwa Mikaeli, dereva wa gari letu, siku nyingi kuliko ilivyokaa kwangu, maana barabara ilikatika na akashindwa kupanda. Tunafunga salama. Mama yako mdogo Mwanaheri alisumbuliwa na goti lakini sasa anatembea. Ndizi zimeanguka kwa upepo. Mpunga umesimama vizuri.

Ombi lako nimelisoma mara ya kwanza nikalipita. Mara ya pili likanisimamisha. Pale sokoni Mawenzi kuna mchele wa kila bonde la nchi hii, wenye kunukia na kuchambuka punje kwa punje. Wewe, mpishi wa kulipwa, unauacha huo na kutaka mchele unaonata, na sababu unaificha hadi tuonane. Unajua, kwa sababu mama yako alikulea katika mila, kazi ya mpunga ule katika ukoo wetu. Sisi ni Waislamu na swala zetu tunaziswali; hata hivyo wazee walituachia kwamba mwaka ukiwa mgumu, mchele ule hupikwa bila chumvi, hupoozwa, hufinyangwa matonge madogo na kupelekwa makaburini pamoja na pombe. Na unajua kwamba mwenye idhini ya kufanya hivyo ni mmoja, mlinzi wa ukoo, ambaye kwa sasa ni mimi. Atakayefanya peke yake anatangaza mbele ya wafu kwamba ardhi ni yake na hahitaji walio hai kumpa. Mtu wa namna hiyo ukoo haumpi kitu.

Sikutuhumu. Nauliza tu mchele ni wa kumlisha nani.

Abasi atauleta baada ya Idi. Mpe nafasi ya kulala.

Kuhusu kikao, kila jambo lina wakati wake.

Mjomba wako,
Mwinshehe

* * *

Mazimbu, Morogoro
21 Aprili 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo, na Idi iliyopita iwe na baraka kwako na kwa nyumba yako. Goti la Mama Mdogo limenipa wasiwasi. Nampelekea dawa ya kuchua kwa mkono wa Mikaeli.

Abasi alifika Ijumaa na debe la mpunga, akalala siku mbili. Nashukuru. Nashukuru pia kwamba ulinichagulia mjumbe mwenye macho, kwa sababu hakuna chombo jikoni kwangu ambacho hakukifunua kifuniko.

Umeuliza, nami najibu. Mwaka jana alipanga kwetu mama mmoja wa Kijapani, mtafiti wa udongo. Siku za mapumziko alinifundisha chakula cha kwao kinachoitwa sushi, ile ya kukunjwa kwa mkono, ambayo kila familia hujitengenezea mezani. Alipoondoka aliniachia pakiti za mwani uliokaushwa, mweusi, mwembamba kama karatasi, na chupa za siki ya mchele. Wageni wa chuo wanakitaka. Lakini mchele wetu mzuri wa kunukia umenishinda: ukiukunja, unamwagika kama mchanga. Ndipo nikakumbuka mpunga wa mama.

Mchele huo huoshwa hadi maji yatoke safi, hulowekwa, hupikwa bila mafuta wala chumvi. Siki, sukari na chumvi hupashwa moto pembeni mpaka viyeyuke, kisha humwagwa juu ya wali ukiwa wa moto, ndani ya chano cha mti. Hauchanganywi kwa nguvu. Mwiko unaukata tu, huku mkono wa pili ukiupepea kwa ungo ili upoe upesi na punje zing'ae. Abasi alikuwepo nikifanya hivyo.

“Binamu,” akasema, “huu wali una homa?”

“Una adabu,” nikamwambia. “Unasubiri kuitwa. Wewe kaa.”

“Na hiki kinachonuka? Kwa baba yangu harufu hii ingekesha msikitini ikiomba toba.”

“Siki hiyo. Na pua yako uirudishe ndani.”

Tulicheka, kama inavyowapasa binamu. Baadaye nilimwona amesimama uani akiongea kwa simu kwa sauti ndogo, akaikata niliposogea.

Sasa zamu yangu kuuliza. Wanawake wanaoshusha ndizi kutoka Tawa wamenieleza kwamba mpakani mwa shamba la mama kumepandwa miche ya mikarafuu, safu nzima. Aliyeazimwa shamba hupanda mpunga, hupanda mihogo, huvuna akaondoka. Mti wa kudumu hupandwa na mwenyewe. Mjomba, nani amepanda mikarafuu katika shamba la mama yangu, na kwa ruhusa ya nani?

Mpwa wako,
Nasra

* * *

Tawa
19 Mei 2024

Nasra,

Tunaendelea vizuri. Dawa imefika na Mwanaheri amekuombea dua. Mavuno yameanza kwa walio bondeni. Sisi wa juu tunangoja jua.

Ni vyema ufahamu kwamba barua zako nazisoma mbele ya wazee wa ukoo, kama ilivyo desturi ya jambo linalohusu ardhi. Hii ya mwisho niliisoma Jumapili nyumbani kwa Mzee Halidi. Walipomaliza kuisikiliza waliomba pia maelezo ya Abasi, naye aliyatoa akiwa amesimama, kisha akatoka, kwa sababu yeye ni mtoto wa ukoo wa mama yake na hakai katika vikao vyetu.

Alieleza aliyoyaona. Kwamba wali ulipikwa bila chumvi. Kwamba uliupepea mpaka ukapoa, na hukumpa mtu ukiwa wa moto, kama wanavyopewa walio hai. Kwamba kulikuwa na kitu kinachonuka mfano wa pombe, ukilowesha nacho vidole. Kwamba uliufunga wali matonge madogo ndani ya majani meusi, ukayapanga kwenye sahani, ukaacha sahani juu ya meza bila kumkaribisha mtu, ukaenda dukani. Na aliporudi kutoka swala ya alasiri, sahani ilikuwa tupu, wakati nyumbani hapakuwa na mtu.

Wewe unaliita jina la kigeni. Mzee Halidi aliuliza swali moja: “Kama ni chakula, mlaji ni nani?” Bibi Maimuna, ambaye umri wake tunauheshimu ingawa ulimi wake hauheshimu mtu, alisema labda umeolewa na mzimu na mahari haijaletwa. Watu walicheka, lakini walirudi makwao wakiwa na mashaka.

Kikao ni tarehe saba Julai. Kama ulifanya tambiko la siri kwa mchele wa shamba lile, ukoo hautakukabidhi, nami sitakuwa na sauti ya kukutetea. Kwa hiyo jibu swali moja tu: nani alikula wali ule?

Mjomba wako,
Mwinshehe

* * *

Mazimbu, Morogoro
9 Juni 2024

Mjomba wangu, na ninyi wazee wangu wa ukoo mnaosomewa barua hii,

Shikamooni nyote. Laiti ningejua tangu mwanzo kwamba mpo, ningewasalimu kwa idadi yenu. Mzee Halidi, pole kwa msiba wa shemeji. Bibi Maimuna, mahari ikiletwa nitakutengea kanga yako. Mama Mdogo, usitembee bila mkongojo.

Wazee wangu, sitasema kwa hasira, kwa sababu shamba ninaloliomba lilinisomesha, na aliyenisomesha alinifundisha kwamba anayedai haki yake kwa kelele huonekana mwizi. Nitasema mambo machache.

Kwanza, mjumbe wenu hakusema uongo. Yote aliyoyaona aliyaona. Wali haukuwa na chumvi wakati wa kupikwa; chumvi imo ndani ya siki. Ulipoa kwa sababu mwani ukikutana na wali wa moto hunywea ukawa kama kitambaa kilicholowa. Vidole vililoweshwa ili wali usinate mikononi. Ndani ya matonge yale, ambayo mjumbe hakuyaeleza, kulikuwa na tango, parachichi, yai la kukaanga, na perege wa kubanikwa kutoka bwawa la Mindu. Sijapata kusikia mzimu wa ukoo wetu unaopenda parachichi.

Pili, mlaji ninamjua. Ni mtu aliye hai, ana meno yake yote, na alikula akamaliza. Aliniomba nisimtaje, nami nilimpa neno langu kabla sijajua kwamba neno hilo lingeninyang'anya shamba. Simtaji. Kama ukoo huu sasa unawapa ardhi wale wanaovunja ahadi, nijulisheni mapema nibadili tabia.

Tatu, badala ya jina nawapeni chakula chenyewe. Ndani ya furushi hili mna pakiti ya mwani na chupa ya siki, imefungwa kama ilivyotoka kiwandani, mfungue wenyewe. Siku ya kikao Mama Mdogo Mwanaheri achukue mpunga wa shamba lile, autwange, apike uani mbele yenu nyote, kwa maelekezo niliyomwandikia nyuma ya karatasi hii. Mimi sitakuwepo. Nikija mtasema nimetia kitu. Mkila mkashiba, basi ni chakula. Mkiona kimeliwa na asiyeonekana, shamba mligawe mnavyotaka.

Na mikarafuu, Mjomba? Nimeuliza tangu Aprili. Kwa kuwa wazee wanasikiliza, nauliza tena mbele yao: nani aliipanda?

Mpwa wenu, na mjukuu wenu,
Nasra

* * *

Tawa
14 Julai 2024

Mpwa wangu,

Marahaba. Tuko salama. Mavuno yamekuwa mema. Magunia ya shamba la mama yako yapo nyumbani kwa Mwanaheri, kwa amri ambayo nitaieleza.

Kikao kilikaa Jumapili, nyumbani kwangu. Furushi lako lilifunguliwa na Mzee Halidi mwenyewe, kwa sababu sikutaka isemwe kwamba nimeligusa. Alinusa siki kwa muda mrefu, akasema, “Hii si pombe. Pombe naijua.”

Bibi Maimuna akamjibu, “Ushahidi wa mtaalamu umepokelewa.”

Mwanaheri alipika kama ulivyoagiza, nami niliketi karibu na mafiga kuhakikisha hakuna kinachoongezwa. Aliupepea wali kwa ungo mpaka ukang'aa. Ulipokuwa tayari aliuweka katikati, pamoja na vile vipande vyembamba vya tango, parachichi na samaki, na mwani juu ya kitambaa kikavu. Kisha akatukaribisha. Hakuna aliyenyoosha mkono. Mzee Halidi alidai amefunga sunna. Wengine walisema wameshiba. Bibi Maimuna aliuliza kama tunamngoja mzimu avae viatu. Naye hakuonja.

Mwanaheri alijaribu kuonyesha mfano. Akachukua mwani, akaulowesha maji, akaumwagia wali mwingi kama anayejaza sambusa. Ulichanika. Akachukua wa pili, ukachanika. Wa tatu ukamwagika kwenye kanga yake. Wazee wakaanza kutazamana, na nilisikia mmoja akisema kwamba kitu hiki kinakataa mikono ya walio hai.

Abasi alikuwa nje ya ua akipasua kuni. Sikumwita. Alikuwa amesimama na shoka mkononi akichungulia, na ghafla akapaza sauti.

“Aa, shangazi, sivyo! Mwani haulowi, unaolowa ni mkono! Na wali kidogo, upande wa kushoto. Kona hii ndiyo inayoanza.”

Kabla mtu hajasema neno ameshaingia. Alichovya vidole, akaweka karatasi ile kiganjani, akatandaza wali, akalaza samaki na parachichi kwa mshazari, akaikunja mara moja kama wanavyokunja karatasi za kuuzia karanga pale stendi. Halafu, mbele ya ukoo mzima, akaing'ata ikavunjika kwa mlio.

“Isichelewe,” akasema na mdomo umejaa, “mwani unalegea.”

Hapo ndipo alipoona kwamba watu wote wanamtazama.

“Mwanangu,” akasema Bibi Maimuna, “mizimu imekufundisha vizuri.”

Mzee Halidi alimwuliza kwa upole ni wapi alipojifunzia. Abasi akajifuta mdomo. Mimi nilimwuliza, kwa sababu kabla hajaja kwako nilimkataza kuonja chochote cha jikoni mwako. Alinitazama usoni akasema, “Baba, uliniambia nisile. Hukuniuliza kama nimekula.”

“Na sahani uliyosema uliikuta tupu?” akauliza Mzee Halidi.

“Ilikuwa tupu,” akasema. “Nilikuwa nimeshaimaliza kabla ya kwenda msikitini.”

Kicheko kilichofuata sitakieleza. Baada ya hapo walikula wote. Mzee Halidi alikula vitatu na funga yake.

Uamuzi wa ukoo ni huu. Shamba la marehemu mama yako ni lako, na la binti zako Mungu akikujalia. Mpunga wa msimu huu umewekwa kwa Mwanaheri uuchukue. Abasi amekwisha kuondoa jembe lake. Wazee waliuliza habari za mikarafuu, na kwa kuwa mti hufuata ardhi, imeamuliwa kuwa yako. Nani aliipanda na kwa ruhusa ya nani, kikao kiliona hakuna haja tena ya kulijadili hilo.

Nimekuwa mlinzi wa ukoo huu kwa miaka mingi, na nimeona mambo mengi yakijitokeza yenyewe kwa bahati. Abasi hakuwa na kazi nyumbani kwangu siku ile. Kuni zilikuwepo za wiki nzima. Alifika asubuhi bila kuitwa, akachagua gogo lililo karibu na ua, akakaa hapo hadi wali ulipoiva. Nimemwuliza, anasema alisikia tu harufu.

Nakuuliza wewe, kati yangu na wewe, na barua hii sitamsomea mtu: ulimwambia Abasi aje?

Mjomba wako,
Mwinshehe

* * *

Mazimbu, Morogoro
21 Julai 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimeipokea barua yako kwa furaha, na nimeisoma mara nyingi. Mtoto wa Agnes ameanza kucheka. Baridi ya mwezi huu imetushika hata sisi wa bondeni. Ninyi huko juu sijui mnaonaje. Mwambie Mzee Halidi namwombea funga yake ikubaliwe. Mwambie Mama Mdogo kwamba siku nyingine mkono ndio ulowe.

Nawashukuru wazee kwa hukumu yao. Nitapanda Tawa Jumatano kwa gari la Mikaeli, na jembe langu. Nitaanzia mpakani, kwenye mikarafuu, niihesabu mche kwa mche nikiwa na Mama Mdogo na shahidi mmoja wa ukoo atakayemchagua yeye.

Swali lako la mwisho nimelisoma.

Mpwa wako,
Nasra